Bafu la zamani Jinja, laki tisa mkononi: vigae vibomolewe au vibaki?

KandoYaNile:

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa mafundi na wote wenye kujua kazi hii.

Nyumba iko Jinja, Uganda, ya zamani, kuta za matofali na lipu ya simenti. Bafu lina upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2. Choo, shawa na sinki dogo la kunawia vyote vimo humo. Ukutani kuna vigae vyeupe vya sentimita 15 kwa 15, vimepanda hadi mita 1.5. Juu yake ni rangi, na upande wa shawa rangi hiyo inabambuka. Sakafu ni terazo (simenti yenye kokoto, iliyosagwa ikawa laini) ya kijivu iliyofifia, ina madoa ya kahawia chini ya bomba.

Shida ni hizi. Grauti, ule ujazo wa maungio ya vigae, imekuwa nyeusi na mahali pengine imetoka kabisa. Silingi bodi ina ukungu. Choo hakishuki mpaka uvute mara tatu au nne. Nyumba ikikaa siku kadhaa bila mtu, kunakuwa na harufu ya mfereji. Shawa inatoa maji membamba sana.

Nina shilingi laki tisa za Uganda, ufundi ukiwa ndani yake. Fundi mmoja anasema tubomoe vigae vyote. Wa pili anasema tupige rangi juu yake. Mama naye anaomba shawa ya maji moto. Tuna mahali pa kuogea nje, kwa hiyo bafu linaweza kufungwa hata wiki nzima. Nianze wapi?

FundiTaili_Ndeeba:

Ssebo (bwana), usibomoe. Vigae vya enzi hiyo vilibandikwa kwa simenti, na ukivipiga tindo vinashuka pamoja na lipu. Hapo utalipa lipu mpya, vigae vipya, gundi, grauti na siku nne tano za fundi, na laki tisa itaisha kabla hujagusa choo wala bomba. Rangi juu ya vigae nitaigusia chini kabisa.

Kwanza gonga kila kigae kwa sarafu ya shilingi 500 au mpini wa bisibisi. Kilichoshika hutoa sauti fupi, kavu. Kilichoachia kinalia kama debe tupu. Weka alama ya penseli. Kwa vipimo ulivyotoa, ukitoa mlango, una takriban mita 9.4 za mraba, yaani vigae kama 420. Vilivyoachia vikiwa 20 au 30, hayo ni marekebisho ya kawaida. Vikiwa ukuta mzima, tena upande wa shawa, maji yameshaingia nyuma, na ukuta huo mmoja tu ndio wa kubomoa.

Vigae vya 15 kwa 15 vya kubadilisha ni vigumu kupata siku hizi. Nunua vyeupe vya 20 kwa 30, hata vile vinavyotengenezwa hapa nchini, Kapeeka, vinafaa, kisha kata. Kigae kimoja cha 20 kwa 30 kinatoa viwili. Vitapungua milimita moja kwa ajili ya njia ya msumeno, lakini grauti inaficha hilo. Angalia unene: vya sasa mara nyingi ni vinene kuliko vya zamani, kwa hiyo chimba kitanda cha simenti kidogo zaidi, la sivyo vitatokeza kama meno. Weupe hautalingana sawasawa. Kwa sababu hiyo, toa vigae vizima vya zamani nyuma ya sinki uvipeleke panapoonekana, na vipya vikae nyuma ya sinki.

Grauti sasa, maana hapa ndipo bafu lako litabadilika sura. Kupaka grauti mpya juu ya ile nyeusi ni kupoteza pesa, inabanduka kama ganda ndani ya miezi michache kwa sababu haina kina cha kushikia. Kwangua ya zamani hadi kina cha milimita 3 au zaidi. Tumia kisu cha grauti, au kipande cha blade ya msumeno wa chuma kilichofungwa tepu upande wa kushika. Grainda ni haraka, lakini mkono ukitetemeka kidogo tu umechana ukingo wa kigae, na mng'ao wa kigae ukishachanika haurudi. Ujue kazi unayoiingia: vigae vidogo vina maungio mengi, kwako ni kama mita 125. Ni siku mbili za mtu mmoja mwenye subira. Ukiifanya mwenyewe umeokoa fungu kubwa la pesa ya ufundi.

Baada ya kukwangua, fagia vumbi lote kwa brashi, futa kwa kitambaa chenye maji. Kiasi: kigae cha 15 kwa 15 chenye unene wa milimita 6 na ungio la milimita 3 kinakula karibu kilo 0.4 kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo kilo 5 zinakutosha na zinabaki kidogo. Koroga na maji lita 1.3 hadi 1.5 kwa kilo 5 (fuata kilichoandikwa kwenye mfuko), acha dakika 5, koroga tena bila kuongeza maji. Mafundi wengi wanaongeza maji ili iteleze vizuri, ndiyo sababu inakauka ikiwa na vitundu na rangi ya madoadoa. Sukuma kwa mwiko wa mpira kwa mshazari, si kufuata mstari, maana ukifuata mstari unaichota tena. Subiri dakika 15 hadi 20, futa kwa sponji iliyokamuliwa barabara. Usioge humo kwa siku tatu.

Watu wetu wanapenda simenti nyeupe badala ya grauti kwa kuwa ni rahisi. Peke yake inasinyaa, inapasuka nyufa nyembamba na kunyonya uchafu. Ukilazimika kuitumia, changanya kwenye maji yake ile dawa ya kushikiza simenti iliyo nyeupe kama maziwa. Kwa kilo 5 tu, lakini, mimi ningenunua grauti yenyewe.

Pembe zote, yaani ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu, usitie grauti. Kuta hizo kila moja inacheza kivyake, grauti ya pembeni itapasuka tu, na ufa huo ndio mlango wa maji. Weka silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya ukungu. Una kama mita 15 za kupaka ukihesabu sinki na mguu wa choo. Mrija wa mililita 280 unapaka mita 11 kwa upana na kina cha milimita 5, basi nunua miwili. Toa silikoni ya zamani yote, maana mpya haishiki juu ya ya zamani. Bandika tepu ya karatasi pande zote mbili, paka, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, na ubandue tepu hapo hapo kabla ngozi haijafunga. Saa 24 bila maji.

Kuhusu rangi ya kubambuka: maji ya shawa yanapiga juu ya mita 1.5, vigae vimeishia chini mno. Ongeza mkanda wa vigae wa nusu mita kwenye pembe ya shawa tu, sentimita 90 kila upande. Ni chini ya mita 1 ya mraba, na vile vya 20 kwa 30 ulivyonunua vinatosha kama boksi limebaki. Kwangua rangi yote mpaka lipu ionekane kabla ya kubandika. Kigae kilichobandikwa juu ya rangi kimebandikwa kwenye rangi, nayo itabanduka nacho.

MamaWaBugembe:

Nyongeza fupi kuhusu kusafisha kabla ya kuanza. Tafadhali usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi, wala usitumie moja kabla ya nyingine kusuuzwa kabisa. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na bafu la mita 1.5 kwa 2 ni dogo mno kwa gesi hiyo. Fungua dirisha na mlango.

Ukungu wa silingi: jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 10, paka kwa sponji, acha dakika 15, futa. Usikwangue ukungu mkavu, unajaza hewa mbegu zake. Halafu angalia zile tundu za hewa juu ya dirisha. Katika nyumba nyingi wavu wa mbu umeziba kwa vumbi na rangi ya miaka, hewa haipiti kabisa. Toa wavu, osha au badilisha. Bila hivyo ukungu utarudi kwenye rangi mpya mvua za Machi zikianza.

Na jiki isiguse yale madoa ya kahawia ya sakafuni. Ni kutu, na jiki inaifanya ishike zaidi.

BombaNusuInchi:

Fundi Taili amesema kweli tupu, ila mimi ningeomba grauti isubiri. Maji kwanza. Ukimaliza ukuta halafu ukagundua bomba linavuja nyuma yake, utaubomoa tena.

Jaribio la usiku mmoja: funga mabomba yote, andika namba za mita ya maji pamoja na zile ndogo nyekundu, lala, soma asubuhi kabla mtu hajatumia maji. Zikisogea kuna mahali panavuja. Jaribio la pili ni la ule ukuta unaobambuka. Bandika karatasi ya plastiki ya nusu mita kwa nusu mita, tepu pande zote nne, saa 24. Unyevu ukiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa juu yake, ni mvuke wa kuoga tu.

Choo. Dalili ya kuvuta mara tatu nne inaniambia una tangi la sifoni, lile la zamani lenye mkono wa kusukuma pembeni na kengele ya plastiki ndani. Tangi la aina hii halivujishi maji ndani ya bakuli kwa kuchakaa mpira, kwa hiyo usinunue vifaa vipya vya kuflashi kwa kubahatisha. Kinachokufa ni kile kiwambo cha plastiki laini ndani ya sifoni, ambacho hunyanyua maji. Kikichanika, maji yanapita pembeni yake na mvuto hauanzi.

Funga maji, vuta choo, kausha tangi kwa sponji. Chini ya tangi fungua nati ya bomba la kushushia, kisha nati kubwa inayoshika sifoni (weka beseni, litamwaga kilichobaki). Fungua kiungo cha mkono, itoe sifoni, chomoa sahani yake. Kiwambo utakiona. Kama duka halina, kata kipya kutoka plastiki nzito, tumia cha zamani kama kielelezo. Ukubwa uwe ule ule: kikubwa kinakwama ukutani, kidogo kinapitisha maji. Plastiki ikiwa nyepesi kama ya mfuko wa sokoni itachanika wiki ya kwanza. Wakati huo huo badilisha koni ya mpira pale bomba la kushushia linapoingia bakulini, inagharimu kidogo na huwa imeshakauka.

Kama mguu wa choo unacheza, usiujengee simenti. Simenti ngumu na kauri havikubaliani, bakuli linapasuka, na siku ya kuliondoa utalivunja. Skrubu za shaba au zisizoshika kutu, plagi za plastiki, halafu silikoni. Acha sehemu ndogo ya nyuma bila silikoni, ili kiungo kikivuja ujue mapema.

Harufu inayokuja nyumba ikiwa tupu ni tundu la sakafuni lililokauka. Kiko chake (bomba lililopinda chini ya tundu) kinatakiwa kushika maji ya kina cha kama sentimita 5, ndiyo kizibo cha hewa ya mfereji. Mimina lita 2 za maji. Harufu ikiisha ndani ya saa moja, umepata jibu. Ukiondoka kwa wiki kadhaa, mimina maji kisha kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, yanazuia kukauka. Kama harufu inabaki hata baada ya maji, inua kichujio utazame kama kiko kipo. Nyumba nyingine bomba linatoka moja kwa moja bila kupinda.

Sasa shawa nyembamba. Fungua kichwa cha shawa uondoe mchanga kwanza, maana mara nyingine ni hicho tu. Kisha pima: mtungi wa lita 20 ukijaa kwa dakika 3 unapata karibu lita 7 kwa dakika, inatosha kuoga vizuri. Ukichukua dakika 8 au 10 wakati bomba la nje lina nguvu, basi ni mabomba ya chuma yaliyojaa kutu ndani. Hayo hayasafishwi.

Usichimbe ukuta kuyatafuta. Yaache humo yakiwa yamekatwa na kuzibwa, upitishe PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto) ya milimita 20 juu ya ukuta, kwa klipu kila sentimita 50 hivi, ukifuata pembe. Bafu lako linahitaji mita 6 au 7. Bomba linauzwa la mita 4, chukua mawili, elbo (viungo vya kona) 6, tii (viungo vya njia tatu) 2, elbo tatu za uzi wa nusu inchi (shawa, sinki, tangi la choo) na koki moja ya kufungia bafu zima. Mashine ya kuunganishia ni nyuzi joto 260. Kwa 20 mm ni sekunde 5 za joto, ingiza milimita 14 bila kuzungusha, shikilia, na usiguse kwa dakika 2. Fundi akizidisha joto, plastiki inavimba kwa ndani na kuziba njia, na utabaki na shawa nyembamba ile ile ukiwa na bomba jipya.

Unapofungua kiungo cha zamani cha chuma, shika kwa spana mbili. Moja inafungua, nyingine inazuia. Wanaotumia moja huvunja kiungo ndani ya ukuta.

KandoYaNile:

Nashukuru sana nyote. Majibu: mita haikusogea hata namba moja usiku kucha. Plastiki ilikuwa na matone upande wa juu, nyuma pakavu. Vigae vinavyolia ni 17, vingi karibu na koki ya shawa. Harufu iliisha baada ya kumimina maji. Kiwambo cha choo kimechanika katikati kama ulivyosema, fundi. Mtungi ulijaa kwa dakika 9, bomba la uani linajaza kwa dakika 2.

Bado nina maswali mawili: terazo nayo nifanyeje, na je, shawa ya umeme inawezekana?

Terazo_na_Oksaidi:

Terazo yako ni mali, tafadhali usiifunike kwa vigae. Kokoto zake ni za marumaru, na marumaru inaliwa na asidi. Kila aliyeimwagia asidi ya kusafishia au hata siki na limau ameondoa mng'ao na kuacha vitundu vinavyonyonya uchafu. Ndiyo maana imefifia.

Osha kwa sabuni ya kawaida na brashi ngumu, usiku mmoja ikauke. Kwa kutu, kuna unga wa kutolea kutu usio na asidi. Changanya uji, paka kwenye doa, funika plastiki saa chache, suuza. Jaribu kwanza pembeni nyuma ya choo. Doa kubwa halitoki lote kwa dawa, litaondoka kwa kusagwa.

Mita 3 za mraba ni ndogo, mashine kubwa ya kusaga haitageuka humo. Tafuta mtu mwenye grainda ndogo ya maji na sahani laini za almasi, namba 50, 100, 200 na 400 kwa zamu, maji yakitiririka muda wote. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 50 haiondolewi na 400, utaiona jua likiingia dirishani. Nyufa zijazwe baada ya namba 100 kwa simenti nyeupe iliyotiwa rangi ya kijivu, isubiri siku mbili, ndipo uendelee. Simama kwenye 400. Zaidi ya hapo inateleza ikiwa na maji, na humo mnaoga. Malizia kwa dawa ya kuziba vinyweleo, ile inayozama ndani, mikono miwili (yaani tabaka mbili). Usipake nta.

Pima mteremko kabla ya kusaga. Mwaga kikombe cha maji pale mbali. Kama hayaendi kwenye tundu, msagaji anaweza kurekebisha milimita mbili tatu, si zaidi.

WayaMwekundu_Tororo:

Kuhusu shawa ya umeme, hesabu ni hii. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 inavuta ampea 23. Waya wa 2.5 mm² uliotumika kwenye soketi haufai, utachemka ndani ya ukuta na ganda litayeyuka taratibu bila mtu kujua. Inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa 4 mm² (6 mm² kama umbali unapita mita 15), breka ya ampea 32, swichi ya nguzo mbili (inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja) nje ya mlango wa bafu, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30.

Waya wa ardhi ndio wa kwanza kuulizia. Nyumba nyingi za zamani hazina, au upo lakini nondo iliyochimbiwa nje imeoza. Bila ardhi usifunge shawa ya umeme hata ukiipewa bure. Kazi hii apewe fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, naye aandike kipimo cha ardhi.

Mama akiwa na haraka, basi anunuliwe shawa yenyewe mwisho, lakini bomba la waya lipitishwe sasa kabla rangi haijapigwa. Na kama mnatumia tangi la juu, kila mita ya kimo ni nguvu ya baa 0.1 tu. Sakafu ya tangi iwe juu ya kichwa cha shawa kwa mita moja na nusu au zaidi, la sivyo maji hayataiwasha.

FundiTaili_Ndeeba:

Nimefurahi kuona mita haikusogea. 17 ni kazi ya nusu siku. Hivyo vya karibu na koki vimeachia kwa sababu tundu la bomba halikuzibwa. Ukibandika vipya, jaza silikoni kuzunguka bomba kabla ya kuweka kile kifuniko cha duara. Tumia gundi ya vigae, usiviloweshe. Kuloweka ni kwa wanaobandika kwa simenti.

Mpangilio: bomba la waya na PPR, choo, kusaga terazo (inarusha matope ukutani, ndiyo maana haiwezi kuwa mwisho), vigae 17 na mkanda wa juu, grauti, rangi ya silingi na kuta, silikoni, dawa ya terazo. Rangi unayo kama mita 10 za mraba ukijumlisha silingi: lita 1 ya rangi ya chini na lita 2 za rangi ya mafuta isiyong'aa sana, mikono miwili. Silingi bodi ikiwa imelegea kwa kidole, usipake, badilisha kipande hicho. Ila kama si bodi laini bali ni bati gumu la kijivu la asbesto, usilitoboe wala kulipiga msasa. Lipake rangi kama lilivyo.

Rangi juu ya vigae: inawezekana kwa ile ya epoksi ya makopo mawili, juu ya ukuta usiopata maji. Kwenye pembe ya shawa inaanza kunyanyuka kwenye maungio. Vigae vyako vyeupe vizima 400 havina sababu ya kupakwa chochote.

KandoYaNile:

Swali la mwisho, fundi: grauti nyeupe au kijivu?

FundiTaili_Ndeeba:

Kijivu cha kati. Itakaribiana na terazo, vile vigae vipya havitajitenga sana na vya zamani, na maji yakiwa na vumbi jekundu wakati wa mvua haitaonyesha.